Nani aendeshe gari la umeme? Uchambuzi wa kisa cha familia yenye magari mawili

Majina, mahali na modeli za magari vimeondolewa. Umbali na matumizi vimewekwa kwa tarakimu za mviringo, ila uwiano wake ni uleule.

Usuli

Familia ina watu sita: mume na mke, wote waajiriwa, watoto watatu wa shule, na mama mzazi wa mume anayeishi nao. Makazi yao ni flati katika jengo la ghorofa, na maegesho ni ya pamoja, chini ya jengo.

Magari yalikuwa mawili, yote ya petroli. Gari kubwa la viti saba alikuwa nalo mume. Kazini kwake ni kilomita 38, sehemu kubwa barabara kuu. Gari hilohilo ndilo lililobeba familia nzima kwenda kwa wazazi wa mke, kilomita 310, mara nne hivi kwa mwaka. Gari dogo lilikuwa la mke: shule, kazini, manunuzi, kurudi, kama kilomita 20 kwa siku.

Giaboksi ya gari dogo ikaanza kusumbua, na fundi akawaambia wazi kwamba matengenezo yangezidi thamani ya gari. Hapo ndipo wazo la umeme lilipoingia. Ushauri waliokuwa wameshapewa na kila waliyemuuliza ulifanana: gari la umeme ni gari la pili la nyumbani, la safari fupi za mjini. Kwa hiyo mpango ulikuwa umefungwa kabla mimi, mshauri wao, sijauona. Gari dogo litoke, la umeme liingie mahali pake, mke aliendeshe. Kilichobaki, kwa maoni yao, kilikuwa kuchagua modeli tu.

Daftari kwanza

Niliwaomba waandike safari zao kwa wiki chache kabla ya kutazama gari lolote: tarehe, nani anaendesha, kilomita ngapi, gari lililala wapi. Mume aliona ni kupoteza muda. Alikuwa tayari anajua, alisema, kwamba mke wake "huzunguka mjini siku nzima."

Daftari lilisema vingine. Kwa mwaka, safari za kazini za mume zilikuwa kama kilomita 17,000. Kwa lita 10 kila kilomita 100, hizo ni lita 1,700 za petroli. Mizunguko yote ya mke ilikuwa kilomita 5,000, lita 325 tu kwa gari dogo lililokuwa likinywa lita 6.5. Safari za ukweni ziliongeza lita 250 hivi. Jumla kama lita 2,275.

Ukiondoa gari dogo na kumpa mke la umeme, unaokoa lita 325. Ni kununua gari zima ili kuokoa moja ya saba ya mafuta ya nyumba. Mke ndiye aliyeiona kwanza, kabla sijafika mwisho wa hesabu: "Baba watoto, anayekunywa mafuta humu ndani ni wewe, si mimi."

Tukageuza mpango. Gari la umeme alichukue mume kwa kazi, gari la viti saba lihamie kwa mke kwa safari fupi, na lenyewe libaki la kwenda ukweni. Gari kubwa mjini lingekunywa zaidi, tukakadiria lita 12 kwa kilomita 100, yaani lita 600 kwa mwaka. Ukijumlisha na safari ndefu, nyumba ingetumia lita 850 badala ya 2,275. Gari lilelile la umeme, kwa bei ileile, sasa linaokoa lita 1,425. Tofauti yote inatokana na aliyeshika usukani.

Ule ushauri wa gari la mjini una chembe ya ukweli. Gari la umeme huteleza vizuri kwenye foleni kwa sababu ukikanyaga breki mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu kwenye betri, na likisimama halichomi kitu, ukiacha kiyoyozi. Lakini kufaa mjini na kulipa mjini ni mambo mawili. Gari hili ni ghali kununua na rahisi kuendesha, kwa hiyo gharama yake hurudi kilomita kwa kilomita. Asiyetembea mbali humchukua miaka mingi kuirudisha.

Siku nzito

Siku ya kawaida ya mume ni kilomita 76. Magari mengi ya umeme yanazimudu, hata ya mtumba, na ukiishia hapo mjadala umekwisha. Ila daftari lilikuwa na Jumanne. Akitoka kazini hupitia nyumbani kumchukua mama yake na kumpeleka mazoezi ya viungo upande wa pili wa mji, kilomita 32 kwenda na 32 kurudi. Jumla 140, na Jumatano asubuhi gari linatakiwa tena. Hiyo ndiyo siku tuliyolipimia gari. Wastani wa wiki haumfikishi mtu nyumbani Jumanne usiku.

Safari ya kilomita 310 tuliiweka kando kabisa, kwa kuwa gari la petroli lilikuwa linabaki. Kununua betri kubwa kwa ajili ya safari nne za mwaka ni kuilipia na kuibeba siku zote nyingine bila sababu.

Kisha tukatafuta matumizi halisi, kwani namba ya kwenye tangazo haikutosha. Kipimo cha WLTP, utaratibu unaotoa namba za namna hiyo na ulioanza kutumika Ulaya mwaka 2017, huendesha gari kwenye mashine maabarani, joto la nyuzi 23, kiyoyozi kimezimwa, kwa mwendo wa wastani wa kama kilomita 46 kwa saa. Mtu wa barabara kuu haishi humo. Upinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 90 kwa saa ukafika 120, hewa inakukaza kwa asilimia 78 zaidi. Mume alikuwa mtu wa 120.

Muuzaji alipendekeza gari lijaribiwe Jumapili asubuhi. Tulikataa, tukaomba siku ya kazi, njia yake mwenyewe, kiyoyozi kikiwaka. Asubuhi gari lilitumia uniti 15.5 kwa kilomita 100 (uniti moja ni kilowati-saa moja). Jioni, kwenye mvua, lilitumia 21. Mvua ilichangia, lakini sababu kubwa ilikuwa mlima: nyumbani ni juu kuliko kazini kwa mita 300 hivi. Gari la tani 1.7 hula karibu nusu uniti kwa kila mita 100 za kupanda. Ukishuka sehemu kubwa hurudi, si yote. Tukapanga kwa 18.5, na mume akaahidi kushuka hadi mwendo wa 100.

Betri tatu

Bajeti iliruhusu gari la mtumba. La kwanza lililowavutia lilikuwa na betri ya uniti 30 na bei nzuri mno. Dashibodi ilionyesha kilomita 165 zilizobaki, na mume akafurahi. Namba hiyo ni makisio yanayotokana na jinsi gari lilivyoendeshwa siku za karibuni. Mwenye gari akilizungusha taratibu kwenye eneo lake, namba inapanda. Tulichomeka kifaa kidogo kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani na kusoma afya ya betri kwa programu ya simu: asilimia 77. Uniti 30 zilikuwa zimebaki 23. Gawanya kwa 18.5 za kila kilomita 100, unapata kilomita 125 hadi gari linazima. Jumanne haiishi. Betri ile pia haikuwa na mfumo wa kupoozwa kwa kimiminika, na joto ndilo adui mkubwa wa betri za namna hiyo, hivyo tusingetegemea ibaki kwenye 77.

La pili lilikuwa na betri ya uniti 40, afya asilimia 88. Ukitoa akiba ambayo gari lenyewe haliruhusu kuguswa, zinabaki uniti 33 hivi. Ukianza limejaa na kurudi na asilimia 15, unatembea kilomita 150. Linapita Jumanne kwa kilomita 10. La tatu, la uniti zaidi ya 60, lingeondoa wasiwasi wote na kuwaongezea mkopo mrefu.

Walichukua la pili. Niliwaeleza kwamba miaka michache mbele, betri ikishuka tena kidogo, Jumanne itakuwa inagusa ukingo, na kwamba dhamana ya betri iliyokuwa imebaki (wengi hutoa miaka 8 au kilomita 160,000, na hufidia afya ikishuka chini ya asilimia 70) isingewasaidia. Betri yenye asilimia 75 ni nzima kwa mujibu wa dhamana, hata kama haikufikishi. Walijibu kwamba mazoezi ya mama hayatadumu miaka yote hiyo. Ni hoja halali.

Jambo jingine walilolikagua vizuri ni plagi ya kuchajia haraka. Aina za plagi hizo, kama CCS2, CHAdeMO na GB/T, haziingiliani, na gari lililotengenezewa soko jingine linaweza kuja na tundu lisilolingana na vituo vya kwenu. Gari moja zuri waliliacha kwa sababu hiyo tu.

Maegesho, ethi na kamati

Hapa ndipo mpango ulipokaribia kufa. Jengo lina kamati ya wakazi. Swali lao la kwanza lilikuwa nani atalipia umeme, la pili moto. Mjumbe mmoja hakutaka betri ya gari chini ya chumba anacholala, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumcheka.

Mume alikuwa ameshapata njia yake ya mkato: soketi ya ukutani karibu na sehemu yao, na waya wa kurefusha. Alipojaribu kwa gari la majaribio, chaja iliwasha taa nyekundu ikakataa. Fundi umeme alipofungua soketi alikuta waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, haujaunganishwa popote, na laini yenyewe inalisha pampu ya maji ya jengo. Chaja ilikuwa imefanya kazi yake. Wapo wanaouza vifaa vya kuidanganya chaja ione kuna ethi. Anayekinunua anaondoa kinga muhimu iliyopo kati ya mwili wa gari na mkono wa mtoto atakayeligusa. Na waya wa kurefusha unaotosha pasi kwa dakika kumi hautoshi gari kwa saa nane mfululizo. Hapo ndipo plagi huyeyuka.

Swali likawa: laini ya nguvu kiasi gani? Muuzaji alikuwa anawasukumia chaja ya ukutani ya ampea 32, kilowati 7.4. Swichi kuu ya flati isingebeba mzigo huo pamoja na jiko na hita ya maji bila kubadilishwa. Tulirudi kwenye daftari. Siku ya kawaida inahitaji uniti 14 kwenye betri, kama 16 kwenye mita, kwa kuwa sehemu hupotea njiani wakati wa kuchaji. Soketi ya ampea 10 hutoa kilowati 2.3 kwa umeme wa volti 230, kwa hiyo ni saa saba. Inatosha. Jumanne inahitaji karibu uniti 30 kwenye mita, na kwa soketi hiyo ni saa kumi na tatu. Gari linaingia saa tatu usiku na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Haitoshi. Ampea 16, kilowati 3.7 hivi, humaliza kwa saa nane na robo. Tukachagua 16. Mzigo ukawa nusu ya ule wa muuzaji na swichi kuu haikuguswa.

Laini mpya ilivutwa kutoka mita ya flati yao wenyewe, waya mnene kwa sababu ya umbali, ethi yake, swichi yake na kinga inayokata umeme ukivuja. Suala la nani analipa likaisha lenyewe. Kwa moto, kamati ilitaka barua ya fundi na ruhusa ya kukagua wakati wowote. Mume alikasirika, mke alisaini. Tangu siku ya kwanza ya kuomba hadi kuchaji mara ya kwanza ilipita miezi, na gari dogo likafia barabarani katikati ya kusubiri.

Matokeo baada ya mwaka

Mafuta yalishuka kama ilivyotarajiwa, ila si yote. Gari la viti saba kwenye mizunguko ya mke lilikunywa lita 13.5 badala ya 12, kwani injini ya petroli katika safari ya kilomita tatu haipati hata muda wa kupata joto. Nyumba iliokoa kama lita 1,350. Umeme uliongezeka kwa karibu uniti 3,500 kwa mwaka, na kwa kuwa bei ya uniti kwao hupanda kadiri unavyotumia zaidi, bili ilikuwa juu ya makadirio. Matairi ya mbele yaliisha mapema. Gari ni zito na mota huvuta kwa nguvu tangu sifuri, na mume alizifurahia sana taa za barabarani zikigeuka kijani. Bima nayo ilikuwa juu kuliko walivyodhani, kwa sababu waliiuliza wameshalipa gari.

Usiku mmoja umeme ulikatika. Mume alikuwa na mazoea ya kuchaji kila baada ya siku mbili, na gari lilikuwa na asilimia 34, yaani kilomita 60. Kazini na kurudi ni 76. Asubuhi hiyo alichukua gari kubwa, na mke akahangaika na watoto watatu.

Siku nyingine gari halikufunguka kabisa. Betri kubwa ilikuwa imejaa. Iliyokufa ni ile ndogo ya volti 12, ambayo magari ya umeme bado yanayo na watu huisahau.

Uchambuzi

Lililofanya kazi zaidi ni kuhamisha swali. Familia ilikuja ikiuliza kama gari la umeme linawafaa, na swali hilo halina jibu kwa nyumba yenye magari mawili. Gari lilelile liliwafaa vibaya kwa dereva mmoja na vizuri sana kwa mwingine. Bila daftari wangelinunua, wangelipenda, na wangeendelea kumimina lita 1,950 kwa mwaka wakijiona wamehama.

Kupima kwa siku nzito kulisaidia mara mbili: kuliondoa gari la bei nafuu, na kulizuia chaja kubwa. Watu hukosea pande zote mbili. Wengine hununua betri kwa wastani na kuishiwa, wengine hufunga chaja kwa hofu na kulipia nguvu wasiyoitumia.

Suala la kukatika kwa umeme lilistahili nafasi mapema zaidi. Siku ya kawaida hula asilimia 43 ya betri hii. Ukilala umechaji hadi 80, unarudi na 37, na umeme ukikatika usiku huo kesho huendi. Ukichaji hadi 90 unarudi na 47, kilomita 80 na kitu: unafika na kurudi kwa kubahatisha. Betri za aina hii hazipendi kukaa zimejaa, hivyo walikubaliana 90 kila usiku na 100 Jumatatu usiku tu. Betri za LFP, aina nyingine ya betri za lithiamu, zingewaruhusu kujaza mara kwa mara bila wasiwasi huo. Kwa bajeti yao halikupatikana gari la namna hiyo.

Kinga halisi ilipatikana kwa kuchelewa. Mwajiri wa mume, alipoulizwa, aliruhusu soketi ya kawaida kwenye maegesho ya ofisi. Saa nane za kazi kwa kilowati 2.3 ni uniti 18, zaidi ya safari nzima ya siku. Ombi la mistari mitatu. Kama lingetangulia, vita vya kamati vingepiganwa bila haraka, na familia ingekuwa na gari miezi kadhaa mapema. Nyumba yoyote ya ghorofani ningeianzisha hapo sasa: gari husimama wapi mchana.

Lililoshindwa kabisa ni la watu. Hesabu ya lita ilikuwa sahihi, na ilimkabidhi mke gari refu asilolitaka, lenye kona ngumu za maegesho ya shule, huku mume akipata gari jipya kwake, kimya, lenye kuvuta. Bampa lilikwaruzwa mara mbili. Mke ndiye aliyeiona hesabu kwanza, lakini hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari kuilipia kwa jasho lake kila asubuhi. Safu hiyo haikuwepo kwenye jedwali. Mtu anayeingia kwenye mpango kwa kununa atauacha siku moja, na akiuacha lita zote zinarudi.

Kwa sasa mume hufanyia kazi nyumbani Ijumaa, na siku hiyo la umeme ni la mke, pamoja na Jumamosi. Hoja iliyo mezani ni kuliuza gari la viti saba, kununua dogo la haibridi, na kukodi kubwa kwa zile safari nne za ukweni. Inategemea bei ya kukodi wakati wa likizo, ambapo kila mtu anataka gari, na kama mama mzazi wa mume atakaa vizuri kiti cha nyuma kwa kilomita 310. Hesabu hiyo haijafungwa, na safari hii mke ndiye anayeiandika.